Kisigino cha Baba

Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja, lakini gambuti zake hazikuacha kutembea. Zilikuwa buti za mpira, nyeusi na pana, na kila moja alikuwa ameipasua kwa kisu upande wa nyuma, kutoka juu mpaka karibu na soli, kwa sababu visigino vyake havikuingia kwenye kiatu cha kawaida. Ule mshipa mkubwa unaoshuka nyuma ya mguu kwake ulikuwa mnene, wenye vinundu vigumu, na ukimgusa pale alirusha mguu kama ndama. Akitembea, ule mpasuo ulikuwa unapiga: kap, kap, kap. Tulijua yuko wapi bila kumtazama. Asubuhi ukisikia kap inaelekea zizini, ulijua una dakika chache za kulala kabla hajarudi na maziwa.

Alipokufa, Mama alizivaa. Hakuwa na gambuti zake mwenyewe, na ng'ombe hawakungoja matanga yaishe. Asubuhi iliyofuata, nyumba ikiwa imejaa wageni, nilisikia kap, kap ikipita nje ya dirisha. Niliruka kutoka kitandani nikakimbia kumwona. Nilimkuta Mama, na ndoo. Nilimkasirikia kwa miaka mingi kwa kosa la kuvaa viatu, na sikuwahi kumwambia.

Sisi ni watu wa Yamumbi. Wazazi wangu walihamia hapa kutoka mkoa wa kati, wakapata kipande cha shamba, wakapanda mahindi na viazi, wakafuga ng'ombe wachache. Siku hizi tumezungukwa na nyumba za kupanga, na kuna jirani mmoja anayelalamika kila wiki kwamba ng'ombe wetu wananuka. Mimi humjibu kwamba ng'ombe walimtangulia kufika.

Watu wetu hawamwachi marehemu aende zake moja kwa moja. Mtoto hupewa jina lake, na baada ya hapo mtoto huyo ndiye yeye. Nyanya atamwita mjukuu mwenye jina la mumewe "mzee wangu," atamtania mbele ya wageni kwamba siku hizi hamletei hata kitambaa, na mama aliyemzaa atamwita baba. Ni utani, na si utani. Nilipojifungua kijana wangu bila mume wa kuonyesha watu, Mama alikuwa na maswali mengi ameyaandaa, niliyaona usoni. Lakini aliuliza moja tu: ni kijana? Nikasema ni kijana. Basi jina la baba yangu lilikuwa limepata mwenyewe, na yale maswali mengine hajaniuliza mpaka leo. Alimtoa mtoto kwenye blanketi, akashika visigino vyake kwa vidole viwili, akavipapasa polepole kama mtu anayechagua parachichi.

"Bado," akasema. "Lakini atafika."

Maana kwa Mama, kisigino ndicho kilichokuwa muhuri. Babu yangu alikuwa nacho, Baba akawa nacho. Kaka yangu, aliyepewa jina la babu, alikaa miaka ishirini na kitu na miguu ya kawaida, halafu akaanza kukanyaga viatu upande wa nyuma, halafu akaacha viatu kabisa akawa wa akala za tairi tu. Siku alipomwonyesha Mama vile vinundu, Mama alichinja kuku. "Amefika," alituambia tukiwa mezani, na macho yalikuwa yamemjaa machozi ya furaha. Babu amefika vizuri. Tulikula yule kuku tukicheka, na kaka yangu akawa anainua mguu juu ya kiti ili kila mtu amsalimie mzee.

Mimi mwenyewe visigino vilianza kunenepa nilipofika miaka thelathini. Lakini mimi ni mwanamke, nina jina la mwanamke, na Mama alisema ni kwa sababu ya kusimama dukani kutwa nzima.

Nina duka la dawa za mifugo pale njia panda, agroveti kama watu wanavyosema. Nauza dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe, chanjo ya kuku, vitu kama hivyo. Nina ulimi mkali, wateja watakuambia. Kuna jambo moja nimewafundisha wafugaji wa huku mpaka wamenichoka: usinunue mtamba bila kuuliza mama yake. Dukani nina faili nene ya kadi. Kila ng'ombe wa mteja wangu ana kadi yake, na pale nimeandika mama ni nani, fahali ni yupi, alizaa lini, aliugua nini, alikufaje. Mtu akija kulia kwamba ndama wake ameanguka akafa bila kuugua, nafungua faili, na mara nyingi nitamwonyesha kwa kidole: fahali ni huyu, angalia, hata ndama wake wa kule kwa jirani yako alikufa hivyo hivyo. Achana naye. Hiyo faili ndiyo kiburi changu. Na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwandikia kadi mtu hata mmoja wa nyumbani kwetu.

Kwetu kila kifo kilikuwa na mshtakiwa wake. Babu alianguka shambani akilima, na ikasemwa ni jicho la mtu fulani aliyekuwa amepita akasifu mahindi. Baba alikutwa zizini asubuhi, amelala chali chini ya ng'ombe, maziwa yamemwagika mpaka mlangoni. Alikuwa na miaka arobaini. Mama alisema ng'ombe amempiga teke la kifua, na hakuna aliyebisha, kwa sababu ng'ombe alikuwa amesimama pale pale juu yake. Yule ng'ombe alikuwa mpole kuliko sisi sote. Nilikuwa nalala juu ya mgongo wake nikiwa mdogo. Tulimhukumu, na kabla ya mazishi akapelekwa kwa mchinjaji.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Huruma. Alianguka akiwa kazini mchana, ile kofia ya chuma ikiwa bado usoni, miaka thelathini na minane. Wakasema ni umeme. Mashine yake ikatupwa nyuma ya vibanda na hakuna fundi aliyekubali kuigusa. Nilisimama kaburini nikiwaza mashine. Mimi, mwenye faili. Babu, Baba, kaka, wote wembamba, wote wakiwa wamesimama kwa miguu yao dakika moja kabla, na sikuunganisha hata wawili.

Baada ya mazishi ya kaka, gambuti zilirudi kukaa pembeni mwa mlango wa stoo. Alikuwa akizivaa alipokuja kutusaidia wakati wa kuvuna. Mama hakuzitupa, na mimi sikuthubutu kuziondoa. Kuna asubuhi nilikuwa nikipita pale nazitazama, na zilikuwa zimesimama vidole vikielekea zizini, kama zinamngoja anayefuata.

Aliyenifungua macho alikuwa mteja wa kuku. Ni daktari kijana, wa kike, anafanya kazi kliniki moja mjini na anafuga kuku wa kienyeji kwake Kesses. Alikuja kununua chanjo ya kideri. Nilipokuwa namhesabia vichupa, niliona haangalii vichupa, anaangalia vifundo vya vidole vyangu. Halafu akaangalia macho yangu, ule mviringo mweupe unaozunguka mboni.

"Mama, samahani. Hizo vinundu za vidole zimekuwa hapo tangu lini?"

"Ni kazi," nikamwambia.

"Na kwa kisigino ziko?"

Nilivuta miguu nyuma ya kaunta.

"Kuna mtu kwenu alikufa ghafla? Mtu bado kijana?"

"Umekuja kununua chanjo ama kunipigia ramli?" nikamjibu, na nikampa mfuko wake.

Alienda. Baada ya wiki mbili alirudi, akanunua dawa ya viroboto ambayo nadhani hakuihitaji, akaniuliza swali lile lile kwa sauti ile ile. Nilifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamfuata kliniki.

Walinitoa damu. Majibu yalipotoka aliyaweka mezani, akayazungusha niyasome mwenyewe, na mimi nikacheka. Kolesteroli? Mimi? Kwetu tunakula githeri na sukuma wiki, nyama ni ya Krismasi. Nilijua watu wa kolesteroli: ni wale wanaume wa matumbo wanaokaa kwenye nyama choma Jumamosi nzima. Nikamwambia mashine yake imechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

"Hii si mambo ya chakula, mama," akasema. "Ukikula vizuri inasaidia, lakini hii umezaliwa nayo. Ini yako haiwezi kutoa haya mafuta kwa damu vile inafaa, tangu siku ya kwanza. Sasa imekuwa ikijipaka ndani ya mishipa, polepole, miaka yote. Hata hizo vinundu ni hayo mafuta."

"Kwa hivyo kisigino..."

"Kisigino ni ugonjwa, mama."

Nilimkumbuka yule kuku tuliyemla tukicheka. Nilimkumbuka kaka yangu na mguu juu ya kiti.

Halafu alichukua karatasi tupu akaanza kunichorea ukoo wetu. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Aliniuliza babu alikufaje, Baba alikufaje, kaka alikufaje, wakiwa na miaka mingapi, na kila nilipojibu alipaka mraba rangi kwa kalamu na kuupiga mstari. Aliniweka mimi, duara, akapaka. Ilinichukua muda kidogo kutambua ninachokitazama. Ilikuwa kadi. Nimejaza kadi kama hiyo mara ngapi. Mwishoni akachora mraba mmoja chini yangu, akauacha mweupe.

"Na huyu?" akauliza.

"Ni kijana wangu. Yuko shule."

"Lazima apimwe. Ni nusu kwa nusu, ama ako nayo ama hana. Akiwa nayo aanze dawa mapema, ataishi kama watu wengine. Mapema ndio kila kitu."

Nikasema nitamleta. Nilikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya faili ya ng'ombe, mwisho kabisa, baada ya kadi za waliokwisha kufa. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Sikumleta.

Wacha niseme kwanza habari za dawa, kwa sababu hata hapo nilijiaibisha. Ilikuwa kidonge kimoja kwa siku, kidogo, cheupe.

"Mpaka lini?" nilimuuliza daktari.

"Kila siku. Ndio uzeeke."

Nilimeza miezi saba. Misuli ya mapaja ikaniuma kidogo, sikumwambia. Damu ilipopimwa tena mafuta yalikuwa yameshuka sana, daktari akafurahi, na mimi nikaondoka pale nikijiambia nimepona. Nikaacha. Wiki tano baadaye alikuja mteja mmoja dukani ambaye ng'ombe wake alikuwa na ugonjwa wa kiwele, na alikuwa ameacha dawa siku ya pili kwa sababu maziwa yameonekana safi. Nilimpa maneno. Nilimwambia ng'ombe wake ana akili kumshinda. Nilipiga meza. Nikamwambia dawa ndiyo iliyosafisha maziwa, si ugonjwa ulioondoka, na chini ya ule mkono niliopigia meza kulikuwa na droo, na ndani ya droo kulikuwa na pakiti yangu, haijafunguliwa. Nilirudi kliniki, damu ikapimwa, mafuta yalikuwa yamerudi pale pale yalipokuwa mwanzo. Nikamwambia daktari habari za mapaja, akanibadilishia dawa. Tangu siku hiyo nameza kila siku na chai ya saa kumi jioni, na sijaruka tena.

Lakini kijana sikumpeleka. Nilimweleza Mama habari zote jikoni, nikamwonyesha karatasi, na alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua maharagwe. Nilipofika kwenye ule mraba mweupe aliweka ungo chini.

"Wewe unataka kumzika mzee wangu mara ya pili," alisema.

"Mama, ni kupimwa damu tu."

"Baba yako alipigwa na ng'ombe. Mimi ndiye nilimpata. Usiniletee karatasi."

Ningeweza kumshinda. Nimeshinda watu wagumu kuliko Mama. Ukweli ni kwamba nilifurahi amekataa, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu wa kulaumu. Mraba ukiwa mweupe, kijana ni mzima. Ndivyo nilivyoishi mwaka mzima na nusu.

Na tena kulikuwa na visigino. Kila Jumapili kijana akiosha miguu kwenye karai nje ya jikoni, Mama alikuwa anakuja na kigoda, anakaa, anamshika nyuma ya mguu na kupapasa. Kijana alishazoea, anaendelea na simu yake.

"Shosho, bado?" anamuuliza nyanya yake akicheka.

"Bado," Mama anajibu, na sauti yake inashuka kama ya mtu aliyengojea barua. Mimi nikiwa ndani, nyuma ya pazia, nikilisikia hilo neno nacheka peke yangu kwa raha. Bado. Kila Jumapili nilikuwa nalisubiri. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba vinundu vinachukua miaka kutokea, kwamba kisigino laini cha kijana hakimaanishi kitu, damu peke yake ndiyo itakayosema. Nilikuwa nimemsikia vizuri sana.

Mguu wa kijana ulikua. Anakimbia, kama nusu ya vijana wa hapa, ni mwembamba na hashibi. Mwaka huu likizo ya Aprili, matope yakiwa mengi, viatu vyake vya mpira vikatoboka. Hakuuliza mtu. Asubuhi moja nikiwa nachemsha chai nilisikia kap, kap, kap ikipita chini ya dirisha, kwenda zizini. Mwendo ulikuwa ule ule, mrefu, bila haraka. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliwaza kumwita avue, na niliwaza nitamwambia sababu gani, na sikumwita. Alizivaa asubuhi hiyo, na iliyofuata, na kila siku.

Nilijifunza kuhesabu. Kutoka mlango wa stoo mpaka zizini ni hatua thelathini na moja. Halafu mlango unalia, halafu kap mbili tatu ndani, halafu kigoda kinaburutwa, halafu maziwa yanapiga ndoo. Ndipo napumua na kukoroga chai.

Siku ya tisa au ya kumi, hakukuwa na maziwa. Hatua zilikwisha, mlango ukalia, kap mbili, halafu kimya. Nikangoja. Ng'ombe akalia mara moja. Nilitoka mbio bila viatu, nikiwa na mwiko mkononi, na matope yaliniangusha mara moja nikainuka. Mlangoni mwa zizi niligongana na Mama. Alikuwa ametoka nyumba yake ndogo upande wa pili, bila kitambaa kichwani. Sijawahi kumwona Mama nje bila kitambaa. Tulitazamana, na nikajua kwamba na yeye alikuwa anahesabu kila asubuhi, kwenye dirisha lake.

Kijana alikuwa amepiga magoti chini ya ng'ombe akitafuta simu kwenye nyasi.

"Kwani kuna nini?" alituuliza. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, mwiko, nywele. "Mbona mnalia? Mum? Shosho, umetoka aje hivyo?"

Mama aliketi kwenye kigoda cha kukamia. Aliongea akimtazama ng'ombe, si sisi.

"Hakupigwa teke," alisema. "Nilijua hakupigwa. Hakuwa na alama hata moja."

Kijana akaiokota simu, akaizima.

"Mwezi mzima alikuwa anashika kifua. Akibeba gunia anashika hapa, anakaa chini. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, wacha kwanza tumalize kuvuna. Na mahindi yalikuwa yamelala chini, mvua inakuja, watu wa kutusaidia hakuna. Nikasema sawa." Alifuta uso kwa mkono mtupu. "Mimi ndiye nilisema sawa. Halafu nikauza ng'ombe asiye na kosa."

Miaka thelathini na minne alikuwa amelibeba hilo peke yake. Nilipiga magoti kwenye kinyesi nikamshika, na nilimwomba msamaha kwa habari ya gambuti, ambayo hakuelewa, akadhani nimechanganyikiwa.

"Mpeleke," aliniambia sikioni. "Mpeleke leo."

Tulienda wote watatu. Mama alivaa koti lake la kanisani. Kijana hakuogopa sindano, aliogopa sisi, alikuwa anatuchungulia kama watu wanaoficha mzigo. Majibu yalitoka siku ya tatu. Daktari wetu mfuga kuku hakunizungusha. Alinitazama tu, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Alichukua ile karatasi yangu iliyokunjwa, niliyokuwa nimekuja nayo, akaupaka ule mraba.

Njiani kurudi kijana alitangulia mbele mpaka tulipofika pale dukani kwangu. Halafu akauliza, "Hiyo karatasi ilikuwa imekunjwa imechakaa. Umekuwa nayo tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka mmoja na nusu," nikasema.

"Na ng'ombe za watu unaandika siku hiyo hiyo."

Hakupaza sauti. Tulipofika nyumbani alizichukua zile gambuti alizokuwa ameziacha mlangoni tayari kwa jioni, akazirudisha pembeni mwa stoo. Hakuongea nami wiki nzima isipokuwa kuomba chumvi. Nilistahili. Nilimpikia kila alichopenda kana kwamba chapati zinaweza kumrudishia mtu mwaka mmoja na nusu wa mishipa yake, na alikula zote bila kunitazama. Daktari anasema ni mapema bado, kwamba kwa umri wake hakuna kilichoharibika sana, na mimi namwamini mchana. Lakini nikiwa peke yangu dukani, mikono ikiwa haina kazi, huwa nahesabu siku zile moja moja.

Wiki ilipoisha alikuja dukani kutoka shule, akavuta kiti, akaniambia nimwonyeshe kadi ya ndama yeyote aliyekufa ghafla. Nikamwonyesha. Akauliza fahali aliachwa kutumiwa lini. Tukaongea mambo ya mafahali mpaka nikafunga.

Sasa tunameza pamoja, chai ya saa kumi. Mama ndiye anayetunza pakiti zote mbili, kwenye kopo la majani ya chai, na haniruhusu hata kuligusa. Ameacha habari za visigino. Jumapili kijana akiosha miguu anamsogezea taulo tu na kwenda zake.

Juzi tulikuwa tunavuna. Mashine ya kupukuchua ilikuwa imefika uani kwa zamu yetu, majirani wengine wanaingoja, wingu jeusi limekaa upande wa Kesses, na kila mtu alikuwa anakimbia. Kijana alikuwa amebeba gunia begani, jasho linamtoka, kap, kap, kap, kwa sababu alikuwa amezivaa tena, viatu vingine vya shamba hana. Mama alimkatiza njia katikati ya uwanja. Mkono mmoja kikombe cha maji, mkono mwingine kidonge.

"Shosho, wacha kwanza tumalize haya mahindi," akamwambia, akataka kumpita.

Mama hakusogea. Ni mfupi, anamfika kifuani tu. Alimtazama juu usoni, na mashine ilikuwa inanguruma lakini niliyasikia maneno yake yote, na alimwita kwa lile jina, lote, kama alivyokuwa anamwita Baba akiwa na hasira.

"Ulisema hivyo," alimwambia. "Ulisema hivyo hivyo. Weka gunia chini."

Kijana aliweka gunia chini. Alifungua mdomo, Mama akamwekea kidonge kwenye ulimi kwa mkono wake mwenyewe, akamshikia kikombe mpaka maji yakaisha.